Usiponiona Kwenye Kioo

Nilikata usukani kulia ili tela liende kushoto, na lilipoanza kutii nikaurudisha taratibu kabla halijapinda kupita kiasi. Mguu wangu ulikuwa juu ya klachi, nusu umekanyaga, nusu umeachia. Kwenye kioo cha kushoto, mbali kule ng'ambo ya kiti cha abiria, nilimwona Jeki akiwa mdogo kama kidole. Alikuwa amesimama kando ya pipa la pili na fulana yake ya bluu iliyopauka mabegani. Mkono wake ulikuwa ukizunguka polepole. Njoo, njoo, njoo.

Nikaenda. Mita moja. Mbili. Tela lilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, na nafasi kati ya safu mbili za mapipa ilizidi upana wake kwa hatua moja tu kila upande. Ukiwa umekaa mbele huwezi kuamini kwamba kitu kile kitaingia pale. Inabidi umwamini aliyeko nyuma.

Kisha Jeki akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa. Mkono ukashuka. Akatoka kwenye kioo.

Nikakanyaga breki, nikavuta ya mkono. Upepo ukatoka kwa mluzi na lori likatulia. Nikaweka gia huru, nikaacha injini ingurume, nikasubiri arudi.

Kati yangu na yeye kuna kanuni moja tu iliyowekwa kwa mdomo, na ni yeye aliyeitunga: usiponiona kwenye kioo, simama. Usikisie.

Aliitunga siku niliyofeli mtihani wa kwanza. Maswali ya kuandika nilikuwa nimeyajibu yote. Kulikagua lori nililikagua nikilizunguka na kutaja kila nilichokigusa, na kufunga tela nililifunga vizuri, nikalivuta kidogo kuhakikisha limeshika kama nilivyofundishwa. Yakabaki mapipa. Pale mtu anaruhusiwa kushuka mara mbili aende kuangalia nyuma kwa macho yake mwenyewe. Mimi sikushuka hata mara moja. Kulikuwa na wanaume kumi na mmoja wamejipanga ukutani wakingoja zamu, na mmoja wao alikuwa ameshasema, wala si kwa sauti ya chini, kwamba jikoni kuna nafasi ya kutosha ya kurudisha masufuria nyuma. Nikaona aibu kusimama. Nikakisia. Pipa la tatu lilianguka na kubingirika mpaka miguuni pa mtahini, naye akainua mguu akalizuia, akaandika.

Nililia njiani, nikanyamaza kabla ya kufika yadi. Jeki alikuwa akiziba tairi. Hakuniambia pole. Aliniuliza, "Pipa uliliona kabla hujaligonga?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unakwenda wapi?"

Kuanzia siku ile, kila jioni kazi ikiisha, alikuwa anasimama nyuma ya tela na mimi nakaa mbele, na kanuni ikawa hiyo.

Jeki si jina lake. Ni fundi matairi wa yadi yetu, na amekuwa fundi pale kwa miaka mingi kiasi kwamba watu wamechoka kutofautisha kati ya yeye na kifaa chake. Mimi ni karani wa mizani, ile mizani kubwa ya chini inayopandwa na malori yakiingia na yakitoka. Nimekaa kwenye kibanda chake miaka sita. Madereva huniita Mizani, na wako wanaoamini hilo ndilo jina nililopewa na wazazi wangu.

Miaka sita nimepima mizigo inayokwenda nisikokujua. Lori linapanda, naandika namba, lori linashuka, linaondoka. Mimi nabaki na namba. Ndiyo maana meneja aliposema kuna usukani utakaokuwa wazi mwisho wa mwezi, na kwamba ataupata mtu wa humu humu ndani ilimradi awe na leseni ya malori makubwa, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wenzangu walicheka. Meneja hakucheka. Alisema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi, akichelewa mtu atatafutwa mwingine.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jioni hiyo mwalimu wetu wa udereva alikuwa ametuachia lori ndani ya yadi kwa sharti kwamba tusizidi mwendo wa mtu anayetembea. Yeye mwenyewe alikwenda ofisi ya leseni kunichukulia tarehe ya mtihani wa pili. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi, Jeki na mapipa kumi. Sasa tulikuwa mimi na mapipa kumi.

Dakika tano zikapita. Nikafuta usukani kwa kitambaa. Nikapangusa vumbi la dashibodi. Nikaangalia kioo cha kushoto, nikaona pipa la kwanza, pipa la pili, na mahali patupu alipokuwa amesimama.

Ukweli ni kwamba nilijua amekwenda wapi. Kabla hajageuza kichwa nilikuwa nimeona kitu kwenye kioo cha kulia, kile kinachoangalia geti. Mwanamke mnene kiasi, gauni limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, mkoba mkubwa wa kahawia kwapani, akipita kando ya ukuta kuelekea banda la matairi. Hakuwa anatembea kama mtu anayeuliza njia. Nikajua ni Dada Mkubwa.

Huyu alikuwa dada yake Jeki wa pekee, tena ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki ndani ya mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka ishirini na miwili na anasomea ukunga, mdogo wake akiwa na mitano. Hakumpeleka kwa shangazi wala kwa mjomba. Alimaliza ukunga wake huku mtoto analala kwenye kiti cha nje ya wodi. Leo nusu ya watoto wa mji ule wamepita mikononi mwake, na mdogo wake, mwanamume wa miaka thelathini na minne anayeinua gurudumu la lori peke yake, akipigiwa simu naye husimama wima.

Jeki alinieleza jambo hilo mapema, kabla hatujafika mbali. Alisema, "Mimi siwezi kuoa huku dada amenuna. Naweza kusubiri mpaka aache kununa. Lakini siwezi kumpita." Nilimpenda zaidi kwa neno hilo, ingawa halikunifurahisha.

Mwanzoni dada hakuwa na neno. Aliambiwa ni karani, ana kazi ya ofisini, ana heshima zake, akasema mlete. Wiki iliyopita mtu akamfikishia habari za malori. Tangu hapo alikuwa hapokei simu.

Dakika kumi. Kumi na tano. Jua lilikuwa limeshuka likaingia moja kwa moja kwenye kebini, na joto la injini likapanda kupitia sakafu mpaka kwenye nyayo. Nikateremsha kioo cha dirisha. Nikafikiria kuzima, nikaacha. Nikafikiria kushuka, nikaacha pia.

Nikafikiria siku ya kwanza. Jeki alikuja kibandani kwangu mchana mmoja, akasimama juu ya mizani ya malori, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akaomba nimwambie uzito wake. Nikamweleza kwamba mizani ile ni ya tani, haijui kilo moja moja, inaruka ishirini ishirini. Akasema hata hivyo. Nikaangalia kibao cha namba. Sitini. Kesho yake akaja tena. Themanini. Nikamwuliza usiku huo amekula nini, akasema ni mawazo. Alikuja hivyo mwezi mzima, leo sitini, kesho themanini, na mimi nikawa nasubiri saa ya mchana kama anayesubiri mshahara. Siku moja akasema, panda na wewe tuone. Nikatoka kibandani, nikasimama kando yake, sote tukachungulia kupitia dirishani.

Mia na arobaini.

"Hiyo hairuki," alisema. "Hiyo imetulia." Kisha akasema kwamba kama mimi sina pingamizi, angependa mizani isome hivyo kila siku. Nikamwambia arudi kwenye matairi yake, nina lori la saruji linasubiri. Sikuweza kuandika uzito wa lori lile mpaka dereva alipopiga honi mara mbili.

Dakika ishirini na tano.

Kuna kusubiri kunakouma na kuna kusubiri kunakotuliza, na nilikuwa nikipita kutoka kwenye kimoja kwenda kingine kila nilipoangalia saa. Nilijua wanasema nini. Anaambiwa achague. Na mtu aliyelelewa na mtu mmoja tu duniani, akiambiwa achague, anachagua nini? Nilikuwa tayari nimeanza kumsamehe, jambo ambalo ni dalili mbaya, mlango wa kushoto ulipogongwa mara tatu kwa pete.

Niliinama nikaufungua. Chini alikuwa amesimama Dada Mkubwa na mkoba wake.

"Hapa wanapandaje?"

"Shika chuma hicho, dada, kisha anza na mguu wa kushoto. Ngazi ni tatu."

"Nimepanda vitanda vya hospitali vilivyo juu kuliko hivi," alisema, akapanda. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akafunga mlango kwa nguvu iliyozidi mahitaji. Akatazama mbele kupitia kioo kikubwa kana kwamba tuko safarini na ameshachoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unanijua?"

"Nakujua. Mna pua moja."

Hakucheka, lakini mkono wake ulikwenda puani kidogo ukarudi.

"Gari hili linanguruma tangu nifike," alisema. "Nimemwuliza mdogo wangu, lile mbona haliendi wala halizimwi? Akajipiga kofi la uso. Eti kuna mtu ndani, amemsahau. Nimemwambia akae hapo hapo, nakuja mwenyewe. Sasa wewe ulikuwa unafanya nini muda wote huo?"

"Namsubiri."

"Nusu saa?"

Nikaangalia saa. "Dakika thelathini na nne."

"Yeye ana miguu na wewe una miguu. Kwa nini hukushuka?"

Nikamweleza kanuni yetu. Nikamweleza na habari za pipa la tatu, kwa sababu bila hilo kanuni haina maana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mapigo ya moyo ya mtoto tumboni.

"Hiyo ni sababu ya dakika tano," alisema. "Ya thelathini na nne ni ipi?"

Hapo nikajua kwa nini Jeki husimama wima.

"Nilikuona ukipita," nikasema. "Kwenye kioo hiki cha upande wangu. Nikajua una mazungumzo na mdogo wako, na ningeshuka ningewakuta katikati ya neno. Nikaona niwaachie nafasi."

"Na injini?"

"Ningeizima angedhani nimekasirika nikaondoka. Nilitaka asikie kwamba nipo."

Injini ikaendelea kunguruma chini yetu, ule mngurumo wa taratibu unaotikisa ufunguo kwenye mnyororo wake.

"Hakusikia," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyesikia."

Kisha akaanza kusema aliyokuja nayo, na sitaki kumsema vibaya, kwa sababu aliyasema kwa adabu na kwa mpangilio. Alisema hana ugomvi na mimi. Alisema hajali watu watasema nini, maana kazi yake imemwonyesha watu wote wakiwa uchi na hakuna anayemtisha tena. Alisema nina kibanda chenye feni, nina kiti, saa kumi jioni niko huru, mwanamke gani anaacha hayo akafuate vumbi? Nikamjibu kwamba ni mwanamke aliyechoka kubaki na namba. Akaguna. Hilo aliliacha.

"Shida yangu ni yeye," alisema. "Mdogo wangu ni mtu wa kukaa. Yadi moja, banda moja, miaka yote. Nikifumba macho namwona ameketi mlangoni anasikiliza barabara. Chakula kimefunikwa, kinapoa. Mwanamume mzima anasubiri honi."

"Dada, naomba nikuulize neno, na kama nimekosa adabu uniambie."

"Uliza."

"Ulipokuwa ukiitwa kwenda kuzalisha, ukirudi ulikuta nani amefunika chakula chako?"

Alifungua mkoba, akaangalia ndani, akaufunga. Alifungua tena. Sikujua anatafuta nini na nadhani yeye pia hakujua.

"Alikuwa anatumia sahani mbili," alisema. "Moja chini, moja juu, halafu juu kabisa kitambaa. Kitambaa cha nini na sahani imeshafunika, sijui. Alikuwa na miaka tisa."

"Bado anafanya hivyo."

"Lini?"

"Huniletea chakula cha mchana pale kibandani. Sahani mbili na kitambaa."

Sasa aligeuka akanitazama, mara ya kwanza tangu apande. Macho yake yalikuwa ya Jeki hasa, yale ya mtu anayetafuta tundu dogo kwenye tairi kubwa na hana haraka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nalia njiani," alisema. "Kwamba namwacha peke yake. Kila nikirudi namkuta amelala, wala hana habari. Nilikuwa nasema huyu mtoto ana moyo wa jiwe."

"Labda alijua utarudi."

Nikaona nikinyamaza sasa sitapata nafasi nyingine, nikasema yote. Nikamwambia njia niliyoahidiwa ni ya kulala nje siku mbili kwa wiki, zinabaki tano. Nikamwambia Jeki anajua hesabu hiyo na ndiye aliyenunua daftari langu la maswali ya mtihani. Nikamwambia, "Na kila tairi nitakalotembelea litakuwa limefungwa na yeye, nati kwa nati. Sitakwenda popote bila yeye, dada. Hata akiwa amelala nyumbani."

"Madereva mna maneno," alisema Dada Mkubwa.

"Mimi bado si dereva."

"Naona. Dereva angekuwa ameshaingiza gari." Akageukia dirisha la upande wake, na kitambaa chake cha kichwa kikaziba kioo chote cha kushoto. "Huyo hapo."

"Nani?"

"Si yeye? Nilimwambia asitoke kule. Amesimama penye pipa."

Nikanyoosha shingo. Sikuona kioo, niliona kitambaa cha kichwa chenye maua ya zambarau.

"Simwoni, dada. Umeniziba."

Angeweza kuegemea nyuma. Nilitegemea angeegemea nyuma. Badala yake aliteremsha kioo cha dirisha, akatoa kichwa nje kabisa, na sauti yake ikanijia kutoka huko. "Mimi namwona."

"Anafanya nini?"

"Anazungusha mkono kama anayefukuza kuku."

Nikatoa breki ya mkono. Kanuni inasema usipomwona, simama. Haisemi lolote juu ya kumwona kwa macho ya mtu mwingine. Nikaweka gia ya nyuma.

"Nakwenda polepole sana," nikasema. "Akisimamisha mkono, uniambie."

"Nenda."

Nikaenda. Lori likatambaa. Kwenye kioo changu cha kulia niliona ukuta tu na geti.

"Taratibu," alisema Dada Mkubwa. "Taratibu. Vizuri. Endelea kupumua."

Nilikuwa kweli nimeacha kupumua. Nikapumua.

"Sasa subiri. Subiri. Usisukume."

Nikakanyaga breki. Nikasikia kicheko kikianzia mahali fulani chini ya mkoba, kikapanda, kikamtoka. Alirudisha kichwa ndani akicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya kitambaa.

"Miaka ishirini na tisa nawaambia watu maneno hayo," alisema, "na wewe ndiye wa kwanza kunitii."

Nilicheka pia. Huko nje Jeki alituona, au alisikia, kwa sababu mara akatokea mbele ya dirisha la kushoto, amekunja uso kwa wasiwasi, mikono yote miwili ina vumbi jeusi la matairi. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akamtazama tena dada yake. Hakuna mtu aliyemweleza chochote.

"Nilikwambia usitoke kule," dada alimwambia.

"Ndiyo, dada."

"Kisha ukatoka."

"Ndiyo, dada."

"Rudi kwenye pipa lako. Hatujamaliza."

Akarudi mbio. Tuliingia mita nyingine tatu. Nusu ya tela ilikuwa imeshapita katikati ya mapipa, limekaa mshazari kidogo lakini halijagusa kitu, ndipo Mwalimu alipotokea getini na karatasi mkononi, na mlinzi nyuma yake akigonga funguo kwenye chuma. Saa kumi na mbili. Ikifika saa hiyo hakuna injini inayowaka yadini, awe nani anayeendesha.

Mwalimu alipanda ngazi ya upande wangu, akachungulia, akaona abiria wangu. Hakuuliza. Akanipa karatasi. Alhamisi, saa mbili asubuhi. Zimebaki siku mbili. Kisha akashuka, akalizunguka tela lote polepole, mkono mmoja nyuma, akarudi akasema pembe ya nyuma kulia imekaa vibaya, ninakata usukani kwa kuchelewa, lakini niache hapo hapo lilipo. Kesho nianzie hapo nilipoharibu. Mtu akianza upya kila siku anajifunza kuanza tu.

Dada Mkubwa akamwuliza kama siku ya mtihani anaruhusiwa kukaa kiti hiki. Mwalimu akasema kwa heshima kwamba hapana, mama, siku ya mtihani atakuwa peke yake, ila anaweza kushuka mara mbili.

"Ushuke," dada aliniambia. "Zote mbili. Hata kama unaona. Wanaume wakicheka waangalie vizuri, inawezekana kuna niliowazalisha mimi, nitakutajia walivyotoka."

Nikazima injini. Ukimya ulipokuja ulikuwa mkubwa mpaka nikasikia masikio yangu.

Jeki alikuwa akiweka kabari nyuma ya magurudumu nilipofika kwake. Alipiga ya kwanza kwa kisigino cha kiatu, akaenda ya pili. Dada yake na Mwalimu walikuwa mbele kidogo wakizungumza habari za nyonga ya Mwalimu.

"Nilisahau," alisema bila kuinuka. "Alianza kusema, nikasahau kwamba uko kwenye gari. Sijui nilisahauje."

"Ulitoka kwenye kioo."

"Nilitoka."

"Nilisimama."

"Nimeona." Akainuka. Alitaka kunishika mkono, akaangalia vidole vyake vyeusi, akavificha nyuma. Mimi nikavifuata huko huko nyuma nikavishika. Kesho fulana yangu itafuliwa. "Alikuambia nini?"

"Alisema nisisukume."

Alinitazama akingoja niendelee. Sikuendelea. Kuna mambo mtu anastahili kuambiwa akiwa amekaa chini, tena ameshakula.

Njia ya kutokea yadini inapita juu ya mizani, hakuna nyingine. Mwalimu alibaki kutia saini kwa mlinzi. Sisi watatu tukapita, na mimi kwa mazoea ya miaka sita nikachungulia kibao cha namba kupitia dirisha la kibanda changu. Dada Mkubwa akaona nimechungulia. Akasimama pale pale katikati ya chuma, mkoba kwapani.

"Kinasema ngapi?"

"Mia mbili na ishirini, dada."

"Mnaweka na mkoba?"

"Mkoba pia."

"Basi ni mkoba," alisema, akaendelea na safari.

Getini aligeuka akaangalia nyuma. Lori lilikuwa limebaki pale kwenye mwanga wa mwisho, nusu ndani ya mapipa, nusu nje, kama mtu aliyeingiza mguu mmoja kwenye suruali akaitwa. Jeki alikuwa hatua tatu nyuma yetu akijifuta mikono kwenye kitambaa.

"Limebaki kidogo tu," alisema Dada Mkubwa.

"Limebaki nusu, dada."

"Nusu ndiyo kidogo. Nilikuja na neno zima la kukukataa." Akalitazama tena, akapima pengo kati ya tela na pipa la tatu kwa jicho lililojibana. "Kesho natoka zamu saa tisa. Nikichelewa msianze. Uniwekee kiti changu, wifi."

Nyuma yetu Jeki aliacha kujifuta mikono. Sikugeuka. Nilimsikia tu akiwa amesimama.